Chama cha Wachapaji: Mwongozo Kamili wa Kukichagua, Kukitumia na Kujua Mipaka Yake

Kila hotuba ya uzinduzi wa chama huanza na kidole kimoja kisichovunja chawa. Hakuna anayebisha. Ila mwenye kiwanda cha uchapaji ana chawa wa aina nyingi: karatasi iliyopanda bei katikati ya kazi, mteja anayekataa mzigo kwa sababu nyekundu yake imefifia, fundi wa mashine anayestaafu bila kumrithisha mtu ujuzi wake, mshindani anayetaja bei isiyotosha hata kununua wino. Baadhi yao huvunjwa kwa vidole vingi. Wengine ni wako peke yako, na utalipa ada miaka ishirini bila chama kuwagusa.

Mwongozo huu ni kwa mwenye kiwanda, meneja au mkadiriaji wa bei anayejiuliza kama uanachama una faida. Mimi nasema unayo, ukishaelewa jambo moja: chama cha wachapaji ni mahali ambapo washindani hupeana karibu kila kitu isipokuwa bei. Anayekwenda kutafuta wateja hurudi mikono mitupu. Anayekwenda kupanga bei anaweza kurudi na faini. Anayekwenda kuona wenzake wanavyohesabu gharama, wanavyopima rangi na wanavyoandika masharti yao ndiye anayerudi na kitu cha kutumia kazini.

Hatua ya 1: Andika tatizo lako kwa sentensi moja

Kabla hujauliza ada ni kiasi gani, andika kinachokuuma zaidi kiwandani. Usiandike "biashara ngumu". Andika kama fundi anavyoandika kwenye kitabu cha mashine: "Kila kazi ya rangi nne tunatupa karatasi nyingi mno kabla rangi haijakaa sawa." Au: "Tuna kazi tele, mashine hazilali, lakini mwisho wa mwaka hakuna faida."

Halafu jiulize tatizo hilo ni la nani. Kama mauzo yamelala kwa sababu hakuna anayewafuatilia wateja, hilo ni la nyumbani kwako. Kama ni la ufundi na kila mwenye mashine kama yako analijua, chama kinaweza kuwa na jibu tayari kabatini. Kama ni la ushuru, sheria au zabuni za umma, huna njia nyingine ya maana isipokuwa kusema pamoja na wenzako. Tunza karatasi hiyo, utaihitaji tena mwaka ukiisha.

Hatua ya 2: Tambua chama ni cha namna gani

Vyama vya uchapaji havikuzaliwa kwa sababu moja, na asili ya chama huonekana katika tabia yake hata baada ya miaka mia. Stationers' Company ya London ilianza mwaka 1403 kama umoja wa mafundi wa vitabu, ikapewa hati ya kifalme mwaka 1557. Hati ile iliwapa wanachama haki ya kuchapa ambayo wengine hawakuwa nayo, na wao wakaisaidia serikali kuchunga nini kinachapwa. Ulikuwa ukiritimba uliovaa joho. Leo chama cha namna hiyo hakipo, ingawa hamu ya kuwafungia wengine mlango bado hujitokeza kwenye mikutano.

United Typothetae of America kiliundwa Chicago mwaka 1887 kwa sababu nyingine. Chama cha wafanyakazi wa uchapaji kilikuwa kinadai saa za kazi zipunguzwe, na wenye viwanda wakaona wajibu kwa sauti moja. Hicho ni chama cha waajiri. Mwaka 1924, nchini humo humo, ikaanzishwa Lithographic Technical Foundation, taasisi ya utafiti iliyoshughulika na wino, pleti (bamba linalobeba picha ya kuchapwa), karatasi na maji ya mashine. Ujerumani ikapata Fogra mwaka 1951, nayo ya utafiti na upimaji. Juu ya vyama vya nchi kuna miungano yao, kama Intergraf yenye makao Brussels, ambayo wanachama wake ni mashirikisho ya wachapaji wa nchi za Ulaya.

Mikondo hiyo imekuwa ikiungana. Jina la Typothetae lilibadilika mwaka 1945 kuwa Printing Industry of America. Chama hicho kikaungana na taasisi ile ya utafiti mwaka 1999, ikiwa imeshabadili jina kuwa Graphic Arts Technical Foundation. Mwaka 2020 kikaungana na SGIA, chama chenye mizizi katika uchapaji wa skrini, na leo kinaitwa PRINTING United Alliance. Ukitazama vizuri utaona kwa nini: kiwanda kimoja sasa kina ofseti (uchapaji wa pleti), dijitali na mashine ya mabango chini ya paa moja, na mwenyewe hataki kulipa ada tatu.

Kwa hiyo uliza mapema: hapa wanaongoza waajiri, watafiti au waandaaji wa maonyesho? Na watu wa kazi kama yangu wamo, au nitakuwa mchapaji wa vibandiko peke yangu katikati ya wachapaji wa magazeti?

Hatua ya 3: Kipekue kabla ya kulipa

Omba katiba na hesabu za mwaka uliopita. Chama kinachosita kukuonyesha hesabu zake kimeshakujibu.

Kwenye katiba, tafuta kura zinavyohesabiwa. Mahali pengine kila mwanachama ana kura moja, na kwingine wakubwa wana uzito zaidi kwa sababu ada hupangwa kwa idadi ya wafanyakazi au kwa mauzo. Mfumo wowote una mantiki yake, ila ujue uko upande gani kabla suala gumu halijafika.

Kwenye hesabu, angalia fedha zinatoka wapi. Karibu kila chama kina wanachama washiriki, yaani wauzaji wa mashine, wino na karatasi. Ni watu wazuri wa kuwa nao chumbani, wanajua mengi. Lakini kama sehemu kubwa ya mapato inatoka kwao au kwenye ada za vibanda vya maonyesho, usishangae kila warsha ya "ufundi" ikiishia kwenye mashine inayouzwa. Haina ubaya mradi ujue unasikiliza nini.

Kisha fanya jaribio dogo: piga simu ofisini kwao ukiwa na swali halisi, lile la hatua ya kwanza. Sikiliza kama anayepokea anaelewa, au kama anajua wa kukuunganisha naye. Ofisi ya watu wawili wanaojibu inashinda jengo la ghorofa lisilojibu. Mwisho, zungumza na wanachama watatu: mmoja mkubwa, mmoja wa saizi yako, na mmoja aliyejitoa. Huyo wa tatu ndiye atakayekufundisha zaidi. Mara nyingi utagundua hakujitoa kwa sababu chama ni kibovu, bali kwa sababu hakuwahi kukitumia.

Hatua ya 4: Anza na hesabu ya saa

Kama utatumia huduma moja tu ya chama, iwe hii. Mwaka 1909 wachapaji walikutana Chicago katika kongamano lililohusu kitu kimoja kisicho na mvuto: namna ya kujua kazi inagharimu kiasi gani. Viwanda vilikuwa vinauawa na wenye mashine waliokisia bei kwa macho, kila mmoja akiogopa kuachwa na mteja. Wazo la wakati ule bado ni uti wa mgongo wa biashara hii: mashine ina gharama yake kwa saa, na gharama hiyo haijulikani kwa kukisia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mashine yako ya ofseti inagharimu 60,000 kwa mwaka, kwa fedha yoyote unayotumia, ukijumlisha mshahara wa fundi, uchakavu, riba, umeme, matengenezo, bima, na sehemu yake ya kodi ya jengo na ofisi. Fundi analipwa saa 2,000 kwa mwaka. Wengi hugawa hapo hapo: 60,000 kwa 2,000 ni 30 kwa saa. Hesabu imekaa vizuri machoni, nayo si sahihi.

Mteja halipii saa ambazo mashine inaoshwa, inasubiri pleti, inasubiri mtu aidhinishe prufu (nakala ya majaribio), au imefunguliwa mbavu inatengenezwa. Ukiandika kwa uaminifu unaweza kukuta saa zinazolipiwa, za maandalizi na za kuchapa, ni 1,200 tu. Gharama halisi ni 60,000 kwa 1,200, yaani 50 kwa saa. Kazi ya saa nne uliyoihesabu kuwa 120 ilikuwa 200. Ukaongeza faida kidogo juu ya 120, ukashinda zabuni, ukafurahi. Mashine inanguruma kutwa, na kila inavyonguruma inakula mtaji.

Chama huingia hapa kwa njia mbili. Kwanza hukupa fomu, ili usisahau gharama ambazo kila mtu husahau. Inayosahaulika zaidi ni mshahara wa mwenye kiwanda mwenyewe, ikifuatiwa na mashine iliyokwisha kulipiwa, ambayo watu huihesabu kama ya bure wakati itabidi ibadilishwe siku moja. Pili hukupa kioo. Vyama vingi hukusanya takwimu za wanachama na kurudisha wastani: asilimia ya saa zinazolipiwa, sehemu ya mauzo inayokwenda kwenye karatasi, kiwango cha karatasi zinazoharibika. Ukijua wenzako wa saizi yako wanafikia asilimia 70 na wewe uko 60, umeshajua pa kuanzia.

Fanya hivi. Kwa miezi mitatu, kila fundi aandike saa zake kwa alama tatu tu: maandalizi, kuchapa, na saa zisizolipiwa pamoja na sababu yake. Usizidishe alama, maana zikifika kumi na tano wataandika uongo. Jaza fomu ya chama kwa takwimu hizo, siyo kwa kumbukumbu yako. Linganisha na wastani. Halafu shughulikia sababu moja kubwa ya saa zisizolipiwa kabla hujagusa bei. Mara nyingi utakuta tatizo si mashine bali faili mbovu za wateja, na hilo tutalifikia.

Hatua ya 5: Chukua masharti ya kazi, lakini usiyanakili kama yalivyo

Ugomvi mwingi wa uchapaji una umri mkubwa kuliko wagomvi. Nani mwenye pleti baada ya kazi? Mteja akiagiza nakala 5,000 akapata 4,800, analipa ngapi? Akisaini prufu yenye kosa la tahajia, nani anabeba hasara? Mwaka 1922 mkutano wa mwaka wa United Typothetae ulipitisha orodha ya desturi za kazi zinazojibu maswali ya namna hiyo, nayo ikapitiwa upya 1945 na 1974. Toleo lile la baadaye lina kifungu cha asilimia 10, kinachoruhusu idadi kuzidi au kupungua kwa kiasi hicho katika kazi za hadi nakala 10,000.

Omba masharti ya mfano ya chama chako, kaa na mwanasheria saa moja, ondoa yasiyokubalika kisheria mahali ulipo. Hakikisha yanataja prufu na idhini, idadi inayozidi au kupungua, umiliki wa faili na pleti, karatasi iliyoletwa na mteja, muda wa mwisho wa kulalamika, na mipaka ya fidia.

Kosa la kawaida ni kuyachapa nyuma ya ankara. Ankara huja baada ya kazi, na sharti ambalo mteja hakuliona kabla ya kukubali kazi ni gumu kulitetea. Yaweke kwenye makisio ya bei, na mteja asaini hapo.

Hatua ya 6: Hamisha ugomvi wa rangi kutoka machoni kwenda kwenye namba

Mteja anasema rangi si yenyewe. Wewe unasema ndiyo yenyewe. Yeye ametazama dirishani, wewe umetazama chini ya taa ya kiwandani, na prufu ilichapwa kwa mashine nyingine kwenye karatasi nyingine. Hapo hata mtakatifu hawezi kuamua.

Vyama na taasisi zao za utafiti ndivyo vilivyolibeba suala hili miaka mingi. Kamati namba 130 ya ISO, shirika la kimataifa la viwango, inayoshughulikia teknolojia ya uchapaji, ipo tangu 1969, na wataalamu wanaokaa humo hutoka kwa wingi kwenye vyama, taasisi za utafiti na watengenezaji wa mashine. Kiwango cha ISO 12647-2 cha uchapaji wa ofseti kilitoka kwanza 1996, kikasahihishwa 2004 na 2013. Kinaeleza rangi nne zinavyopaswa kupimika kwenye aina mbalimbali za karatasi, nukta ndogo zinazounda picha zinavyoruhusiwa kuongezeka ukubwa zikifika kwenye karatasi, na kosa linalovumilika. Fogra nayo imetoa takwimu za rangi ambazo wabunifu huzitumia kila siku bila kujua zilikotoka: FOGRA39, na baadaye FOGRA51 kwa karatasi zenye kupakwa tabaka laini na FOGRA52 kwa zisizopakwa.

Njia ya kufika huko ni ndefu kidogo, na hapa ndipo wakaguzi na wakufunzi wa chama wanapostahili ada yao.

Anza na taa. Kiwango cha ISO 3664 kinataka rangi itazamwe chini ya mwanga wa aina ya D50, unaofanana na wa mchana. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha hii, na nimeona mabishano mengi yakiyeyuka kwa kubadili taa tu. Kisha pata kipima rangi, cha kwako au cha kuazima chamani. Vyama kadhaa hukodisha au hutuma fundi nacho. Usifikirie rangi kabla mashine yenyewe haijawa sawa: rola, mpira wa blanketi, maji, shinikizo. Mashine iliyolegea haina rangi, ina bahati.

Mashine ikishatulia, chapa ukurasa wa majaribio kwenye karatasi unayotumia zaidi, upime rangi nne kwa ujazo kamili, ulinganishe na kiwango, urekebishe unene wa wino. Baadaye pima ongezeko la nukta na urekebishe mkunjo wa utengenezaji wa pleti, yaani ukubwa wa nukta zinazowekwa kwenye pleti. Chapa tena. Mara mbili au tatu zitatosha. Andika namba ulizofikia ukutani kwenye mashine, siyo kwenye kompyuta ya meneja.

Faili za wateja zina dawa yake. Ghent Workgroup, kikundi kilichoanza 2002, kinaleta pamoja vyama vya wachapaji na watengenezaji wa programu ili kuweka vipimo vya faili za PDF, kwa kujenga juu ya PDF/X, kiwango cha PDF za kuchapwa. Vipimo vyake na mipangilio ya programu vinapatikana, nawe unaweza kumpa mbunifu wa mteja mpangilio tayari badala ya kumtumia barua ndefu ya kumlalamikia fonti na picha zake. Hapa ndipo saa nyingi zile zisizolipiwa huokolewa.

Na cheti? Ukikaguliwa na kufuzu, kitumie kwenye zabuni. Ila kumbuka cheti kinaeleza hali ya kiwanda siku ya ukaguzi. Nimeona viwanda vyenye fremu nzuri mapokezi na kipima rangi kilichokauka betri.

Hatua ya 7: Mafunzo na uanagenzi

Peleka mtu mmoja kwa wakati, na umchague anayefundishika, siyo anayekusumbua ili upumzike naye. Kabla hajaenda, mpe tatizo la kurudi na jibu lake. Akirudi awafundishe wenzake kwa nusu saa mbele ya mashine. Kama chama kina mpango wa uanagenzi, jitolee kuwa kiwanda cha kupokea, kwa sababu wanagenzi wazuri hubaki walikojifunzia.

Hatua ya 8: Kununua na kuthibitishwa kwa pamoja

Ununuzi wa pamoja wa bima, umeme au vifaa vya ofisi huweza kurudisha ada yote. Karatasi ni ngumu zaidi, kwa kuwa kila kiwanda kinataka uzito na saizi yake, na punguzo huliwa na gharama za kuhifadhi. Linganisha na bei unayoipata mwenyewe kabla hujashangilia.

Kwenye uthibitisho wa karatasi, faida ni ya wazi kwa wadogo. FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha kuwa karatasi imetoka kwenye misitu inayotunzwa, iliyoanzishwa 1993, ina utaratibu wa cheti cha kikundi, ambapo viwanda vidogo hukaa chini ya cheti kimoja chenye msimamizi mmoja, na gharama za ukaguzi hugawanywa. Kama wateja wako wanaanza kuulizia alama hiyo, uliza kama chama kinaendesha kikundi au kinajua kinachoendeshwa.

Hatua ya 9: Peleka hoja, siyo kilio

Mwaka 2018 serikali ya Marekani ilianza kutoza ushuru wa muda, mwezi Januari na kisha Machi, kwenye aina za karatasi kutoka Kanada zinazotumika kwa magazeti, vitabu vya bei nafuu na matangazo. Ushuru ulitokana na malalamiko ya kiwanda kimoja cha karatasi. Vyama vya wachapaji, magazeti na wachapishaji viliunda muungano, vikapeleka ushahidi, na tarehe 29 Agosti mwaka huo makamishna wote watano wa tume ya biashara ya kimataifa ya nchi hiyo walipiga kura kwamba viwanda vya ndani havikudhuriwa. Ushuru ukaondoka.

Mchapaji mmoja asingeweza kulipa mawakili wa kesi ile. Lakini chama nacho hakiwezi kitu bila takwimu za mchapaji mmoja mmoja, na hapa ndipo wanachama wengi huzembea. Chama kikikuomba taarifa, jibu ndani ya wiki, kwa ukurasa mmoja: unaajiri watu wangapi, karatasi ni sehemu gani ya gharama zako, kodi au ushuru mpya utaongeza nini, na kazi zipi zitapotea. Usimtaje mteja kwa jina bila ruhusa. Usitie chumvi, kwa sababu ofisa atakayesoma amezoea kusoma chumvi.

Ukipewa nafasi ya kumwonyesha mbunge au ofisa kiwanda chako, mpitishe kwenye mashine ikiwa inafanya kazi. Watu wengi serikalini hawajawahi kuona karatasi ya hati zao wenyewe ikichapwa.

Hatua ya 10: Jua mstari wa bei ulipo

Hapa sitaki kwenda haraka. Kati ya miaka ya 1986 na 1991, watengenezaji wa katoni-bodi barani Ulaya, yaani bodi za kutengenezea maboksi, walikuwa wakikutana ndani ya umoja wao wa biashara ulioitwa Product Group Paperboard. Kulikuwa na kamati, ratiba na sekretarieti, na takwimu zilipitia kampuni ya udhamini ya Zurich. Nyuma ya hayo yote walikuwa wanapanga lini bei ipande, kwa kiasi gani, na nani atangulie kutangaza. Waliouziwa waliona barua za kupandisha bei zikija zikifuatana kama ngoma ya msondo.

Aliyepeleka malalamiko Brussels, kwa barua ya Novemba 1990, alikuwa chama kingine: British Printing Industries Federation, kwa niaba ya wanachama wake waliokuwa wananunua bodi hizo. Tarehe 13 Julai 1994 Tume ya Ulaya iliwatoza faini wazalishaji 19, jumla karibu milioni 132 za ECU, kipimo cha fedha cha Ulaya kabla ya euro.

Kisa hicho kina pande mbili na zote ni za mchapaji. Chama kilitumika kuficha njama, na chama kingine kikaifichua. Kuwa na katiba, kumbukumbu na mtunza takwimu wa nje hakukuwaokoa wale 19, kwa sababu sheria hutazama kinachofanyika.

Basi jiwekee mipaka. Unaweza kujadili namna ya kuhesabu gharama ya saa. Usitaje gharama yako wala bei yako. Unaweza kushiriki utafiti wa takwimu unaotunzwa na mtu wa nje na unaorudisha wastani wa muda uliopita kutoka kwa washiriki wengi kiasi kwamba hakuna anayeweza kukisiwa. Usijadili bei zijazo, punguzo, nani achukue mteja yupi, nani aingie zabuni ipi, wala kumsusia muuzaji fulani. Kauli kama "tukubaliane tu tusishuke chini ya hapa" husemwa kwa nia ya kuokoa kazi, mara nyingi na mzee anayeheshimika, mara nyingi baada ya chakula. Ikisemwa, pinga kwa sauti, omba upinzani wako uandikwe, na mazungumzo yakiendelea ondoka chumbani. Kunyamaza na kubaki kumehesabiwa kuwa kukubali katika kesi nyingi za namna hii.

Chama makini husoma onyo la sheria ya ushindani kabla ya kikao na kina ajenda iliyoandikwa. Kama chako hakina, kuyapendekeza hayo kuwe jambo lako la kwanza.

Hatua ya 11: Ukifika mwisho wa mwaka

Ankara ya ada ikija, toa ile karatasi ya hatua ya kwanza. Tatizo limesogea? Hesabu pia saa ulizotumia vikaoni, kwa gharama yako halisi ya saa. Kama hukuhudhuria chochote, hujapata sababu ya kujitoa wala ya kubaki, umepata sababu ya kuingia kamati moja. Kamati ya ufundi ni bora kuliko ya maonyesho, na unayoyasikia kabla mkutano haujaanza huwa na thamani kuliko kumbukumbu zake.

Na kama hakuna chama?

Anzeni watano au sita, siyo hamsini. Msianze na katiba, bendera wala uchaguzi, maana mtagombana kabla hamjafanya kitu. Anzeni na tatizo moja la ufundi linalowaumiza wote na lisilogusa bei, kama faili mbovu za wateja. Andaeni ukurasa mmoja wa maelekezo ya faili ambao kila mmoja atampa mteja wake. Mbunifu anayezunguka viwanda vyenu akikuta sharti lile lile kila mlango, ataacha kubisha.

Kikao cha kwanza kifanyike kiwandani kwa mmoja wenu, mbele ya mashine, na mwenyeji aonyeshe kazi moja iliyomharibikia na alivyoirekebisha. Mezani msiweke kitabu cha bei.